Drusilla Bitutu na Uji wa Gesi ya Samadi

Wasikilizaji wapendwa, leo tuketi tumkumbuke Mama Drusilla Bitutu wa Keroka. Alitutoka Jumanne iliyopita, akiwa na miaka hamsini na minane. Alikuwa muuza ndizi. Alikuwa pia mwenyekiti wa Chama cha Wafanyabiashara wa Kisii na Nyamira.

Chama hicho kilianza mwaka 1991 kwa kazi moja: kufagia soko. Kila Alhamisi wenye maduka walishika mafagio, wakazoa maganda ya ndizi na samadi ya mnada wa ng'ombe, wakamwaga nyuma ya soko. Mvua ikinyesha, uchafu unarudi mlangoni. Walifagia taka ile ile miaka minne. Mama Drusilla aliwaambia wenzake kwamba sasa analitambua kila ganda kwa sura.

Mweka hazina, Bwana Arvind wa duka la vyuma, alimweleza kuwa kwa mjomba wake kule India samadi hutiwa shimoni, ikatoa gesi ya kupikia. Mama hakuuliza mara mbili. Shimo likachimbwa nyumbani kwake, likafunikwa kwa saruji, bomba likafika jikoni.

Alipotaka taka ya soko nayo igeuzwe gesi, wanachama walipinga. Aliyepinga kwa sauti kubwa kuliko wote alikuwa Mzee Mose, mumewe. Aliapa hadharani kuwa chakula kilichopikwa kwa mavi ya ng'ombe hakitapita kooni mwake.

Mkutano ukaitishwa hapo kwake, Machi 1996. Walikubaliana uji upikwe kwa gesi hiyo mbele ya wote: ukikosa kuchemka, au ukikosa mnywaji, Mama ataachia kiti na chama kitarudi kufagia.

Bwana Arvind akawasha kiberiti. Njiti ya kwanza, kimya. Ya pili, kimya. Watu wakaanza kutafuta kofia zao. Palak, binti wa Arvind, akamnong'oneza baba yake kwamba koki bado imefungwa. Akaifungua. Moto wa buluu ukaruka, nusu ya masharubu yake ikaenda nao.

Uji wa wimbi ukachemka, ukamiminwa. Hakuna aliyegusa kikombe. Wote walimtazama Mzee Mose, naye amekunja mikono. Mama Drusilla akamwambia kwa upole:

"Baba Linda, uji wa gesi hii unaunywa wiki ya pili sasa."

Mzee Mose akatazama kikombe. Akakumbuka jinsi alivyousifu uji huo Jumapili mbele ya wageni.

"Basi niongezee sukari," akasema.

Vikombe vyote vikainuliwa. Siku hiyo hiyo chama kikaamua: taka ya soko iende kwenye gesi. Leo kuna mashimo kumi na saba, kutoka Sironga hadi Nyacheki.

Linda, bintiye, alituambia hivi: "Mama alisema tangu aachane na moshi wa kuni, akilia jikoni basi ana sababu."

Mzee Mose, Linda, Bwana Arvind na wanachama wote, poleni sana. Mungu amrehemu mama yetu. Nawe unayetusikiliza, kesho ukishika fagio, simama kidogo ujiulize: taka hii itamfaa nani?