Ézéchias Sikuli, Mwenyeji Aliyesimama

Wachungaji, wazee wa kanisa, jamaa, majirani, na ninyi mliofika kati yetu leo kwa mara ya kwanza, familia imenituma mimi, Salomon Kitsa, mdogo wake marehemu na mwandishi wa halmashauri ya parokia hii, niwasomee maisha ya kaka yangu, nami nawaambia mapema kwamba katika karatasi hii kuna mahali ambapo msomaji mwenyewe anaona haya, mnivumilie nikifika hapo.

Marehemu Ézéchias Sikuli alizaliwa Kyavinyonge tarehe 14 mwezi wa tatu mwaka 1944, akaanza shule ya msingi hapohapo mwaka 1951, akaiacha mwaka 1957 baba yetu alipokufa maji ziwani, akabeba samaki kichwani ili mimi mdogo wake niendelee kusoma, jambo ambalo hakunikumbusha hata siku moja. Mwaka 1961 alipanda kuja hapa Butembo, akajifunza kushona, na toka 1966 alikuwa na mashini yake kwenye barza ya duka karibu na soko, akivalisha kwaya na wanafunzi wa mji huu, fundi mzuri sana ila mwongo wa tarehe, na ninyi mliongojea suruali zenu miezi mitatu mnajua sisemi uongo.

Tarehe 10 mwezi wa nane mwaka 1968 alifunga ndoa na Mama Jokébed Maliro, ambaye mnamwona hapa mbele, Mungu akawapa watoto saba, watatu wametangulia, wanne wameketi karibu na mama yao.

Mwaka 1979 alichaguliwa shemasi, akapewa kazi ya kupokea wageni mlangoni, na kwa wasiojua desturi yetu ni hii: baada ya matangazo mgeni anasimama, anataja jina lake, mahali alikotoka na nyumba anamolala, ili wazee waende kumsalimia katikati ya juma, halafu kanisa zima linampigia makofi matatu. Kaka yangu aliipenda desturi hiyo kuliko chakula, hakuvumilia mtu atoke ibadani bila kujulikana, na vita ilipofika mwaka 1996, ikarudi tena mwaka 1998, wageni wakiwa wengi, wengine wakiingia na magodoro yao, yeye alisimamisha kila mmoja.

Siku ya Mungu tarehe 12 mwezi wa tatu mwaka 2000, aliingia mwalimu mmoja, Hénock, mtu wa Kasai aliyetumwa na serikali kufundisha Oicha, pamoja na mkewe Antoinette na mtoto wao mchanga, Bénite, nao walikuwa wamekimbia kwa sababu watu wenye silaha walimshitaki kwamba anapeleka habari Kinshasa, kwa serikali waliyokuwa wakipigana nayo, lakini hayo sisi tuliyajua baadaye. Wageni walipoitwa, hakusimama, kaka yangu akadhani ni haya tu, akamwendea hadi benchi la nyuma, akamshika mkono, akamwambia mbele yetu sote, “Simama tu, ndugu, huku kwetu hakuna mutu wa kuogopa.” Mwalimu akasimama, akataja jina lake, akataja Oicha, akasema analala kwa Kambere, nyuma ya soko, nasi tukapiga makofi matatu, na mimi nilipiga.

Kati yetu siku ile alikuwapo mtu aliyekuja kusikiliza majina, hatukumtambua wakati ule, hatumjui hata sasa, na huenda ameketi hapa leo. Kesho yake asubuhi watu watatu wenye bunduki walifika kwa Kambere, wakamwita mwalimu kwa jina lake kamili, na siku ya tatu maiti yake ilionekana kando ya barabara ya Beni.

Kaka yangu alimshonea koti la kuzikiwa, nguo pekee ninayojua aliimaliza siku ileile, kisha akamwendea mjane, akamwambia, “Mama, ni miye nilimusimamisha.” Mama Antoinette, ambaye ameniruhusu kusoma maneno haya, alimjibu, “Ninajua, Baba. Niko na hasira juu yako, na haitaisha leo. Lakini sina fasi ya kulala na huyu mutoto.” Jioni hiyo mama na mtoto walihamia kwa kaka yangu, na hadi leo ndiko wanakoishi.

Sasa nimefika pale nilipowaambia. Mwezi uliofuata kaka yangu aliomba halmashauri isimamishe desturi hiyo mpaka vita iishe, sisi tukamjibu kwamba kanisa lisilojua wageni wake ni soko, tukapiga kura, akabaki peke yake, na uamuzi ule niliuandika mimi, kwa mkono huu, kwa mwandiko mzuri wa shule aliyonilipia. Toka hapo, kila wageni walipoitwa, aliweka mkono begani mwa mgeni ili asiinuke, akasimama yeye, akasema, “Miye ni Ézéchias Sikuli, nilizaliwa Kyavinyonge, ninalala nyuma ya mashini ya kusaga unga, mutu akitaka mugeni wetu, aanzie kwangu.” Alifanya hivyo miaka miwili na nusu, watoto wakamwigiza, wazee wakamwita mgeni wa kila juma, na mimi nilicheka pamoja nao.

Mwezi wa kumi mwaka 2002 miguu ilianza kuvimba na pumzi kumpungukia, waganga wakasema ni moyo, dawa aliyohitaji ikakwama Beni kwa sababu ya barabara, na tarehe 3 mwezi huu wa nne alilazwa hospitali. Siku ya Pasaka nilitoka ibadani nikaenda kumwona, akaniuliza, “Leo nani alisimama?” nikamwambia ukweli, kwamba mama wawili kutoka Mavivi walisimama wenyewe, wakataja nyumba wanamolala. Akageukia ukuta. Hatukusemezana tena, na siku mbili baadaye, tarehe 22, saa tatu asubuhi, alifariki, akiwa na miaka hamsini na tisa.

Familia inawashukuru waganga na wauguzi waliomhudumia bila dawa za kutosha, majirani walioleta kuni na maji, washonaji wenzake waliofunga mashini zao leo, na Mama Antoinette aliyemwosha miguu hadi mwisho.

Programu mliyonayo mkononi, niliyoiandika mimi, inasema kwamba sasa wageni wasimame wajitambulishe. Ninaifuta. Ninyi mliotoka Oicha, Mavivi na kwingine, mbaki mmeketi, msituambie kitu. Mimi ni Salomon Kitsa, nilizaliwa Kyavinyonge, ninalala nyumba ya pili kutoka kwa marehemu, mlango wa bluu. Wenyeji wa parokia hii, simameni, mmoja mmoja, mjitaje.

Kaka, pumzika sasa kwa amani, tumesimama.