Ekseli ya Kaka Felisiani

Baba Paroko, wafiwa wenzangu, majirani wa Izia na ninyi mliosafiri kutoka Kabwe, mimi ni Kasmir, mdogo wake marehemu wa tumbo moja, familia imenituma niwasomee maisha yake.

Ndugu yetu Felisiani Nswima alizaliwa tarehe 14 Machi 1958 huko Laela, mtoto wa pili wa mzee Gabriel na mama Redempta, akasoma shule ya msingi hapo hapo kuanzia mwaka 1967 hadi 1973, akafaulu hesabu na kuanguka karibu masomo mengine yote, jambo alilolisimulia mwenyewe kwa majivuno.

Mwaka 1974 alipokelewa katika karakana ya misheni kujifunza uhunzi na kuchomelea, tarehe 22 Oktoba 1983 akafunga ndoa takatifu na shemeji yangu Leonia, Mungu akawajalia Fortunata, Adriano na Avelina, na mwaka 1984 akafungua karakana yake hapa Izia, akawa fundi wa mikokoteni ya ng'ombe. Wakulima wa ulezi na wafugaji waliohamia kutoka Usukuma wote walimfuata yeye, kwa sababu aliweka ekseli, ule mhimili wa magurudumu, katikati kabisa ya mkokoteni, mzigo ukatulia, shingo za ng'ombe zisiumie.

Bajaji za mizigo zilipoingia mjini, mikokoteni ikakosa wateja, karakana ikapoa. Ndipo mwaka 2022 gari dogo la Fortunata, ambaye ni muuguzi huko Kabwe, likaharibika giaboksi, lori la kulibeba halikupatikana, na pikapu yangu kuukuu isingeweza kuvuta tela la chuma kizito, basi kaka akatumia wiki tano kuunda tela jepesi la mabomba, sakafu yake njia mbili tu za kupitisha magurudumu, jepesi kiasi kwamba wanaume wawili tulilinyanyua.

Tarehe 9 Julai 2022, tukirudi na gari la Fortunata juu ya tela, mimi nikiendesha pikapu, kwenye mteremko karibu na Chala, tela lilianza kutikisa mkia kama mbwa aliyemwona bwana wake, likaisukuma pikapu hadi kwenye shamba la watu, nikavunjika mtulinga, na mjini ikasemwa kwamba Kasmir alikuwa amelewa. Sikuwa nimelewa, ila nani angeamini, maana siku nyingine nilikuwa nalewa kweli, mke wangu Cornelia ni shahidi, na kazi yangu ya kuendesha basi la shule ikasimamishwa.

Kaka hakuliacha jambo hilo lipite. Alipakia magunia ya mahindi kwenye tela, akayasogeza mbele, akayarudisha nyuma, akavuta tena na tena, mpaka akaelewa kwamba ekseli ya katikati ni huruma kwa ng'ombe, lakini gari linataka tela liikandamize kidogo ndoano ya kuvutia iliyo nyuma yake, kwa hiyo ekseli irudi nyuma na mzigo uelemee mbele. Jumapili ya tarehe 31 Julai 2022, wakati wa matangazo baada ya Misa, aliomba nafasi, akasimama mbele yenu ninyi mliomjua kama fundi asiyekosea, akasema kosa ni lake, tela alilipima kwa shingo ya ng'ombe, na mdogo wake hakugusa pombe siku ile. Alijua maneno hayo yangeweza kuifunga karakana. Kesho yake nilirudishiwa kazi ya basi la shule, nishike usukani mtulinga ukishapona, na sikuwahi kumwambia asante, kwa hiyo namwambia leo mbele yenu: asante, kaka.

Alikata ekseli ile, akairudisha nyuma shubiri moja, na wateja wakaja wenyewe, akaunda matela mengine tisa kabla kifua hakijaanza kumsumbua Novemba 2024, akalazwa mara tatu, akafariki Jumapili tarehe 18 Mei 2025, saa moja asubuhi, Leonia akiwa amemshika mkono.

Tunawashukuru madaktari na wauguzi waliomhudumia, jumuiya iliyosali nasi, majirani waliotupikia, na mafundi wenzake waliozima mashine zao siku tatu.

Amekuja hapa kwa tela lile lile, nami ndiye niliyeshika usukani. Jeneza tuliliweka mbele kidogo ya ekseli, kaka, kama ulivyotufundisha, na njia nzima halikutikisika. Umefika salama, pumzika sasa kwa amani.