Blanketi Linarudi Kwenye Baridi

Kijiwe chetu cha Madale kina benchi moja, jiko la mkaa na birika la Masoud, muuza kahawa. Asubuhi hiyo kulikuwa na cha ziada: blanketi la sufu, la vipande vya kila rangi vilivyofumwa kwa mkono, limelala mapajani mwake. Miaka ile mafuriko ya Vingunguti yalipoichukua nyumba yake pamoja na mkewe, Wahiba, blanketi hilo lilitoka ng'ambo, kwenye furushi la msaada, likamfunika binti yao, Widad. Sasa Widad yuko kwa mumewe, na parokiani kwa kina Leodegar wanakusanya vitu vya watu wa nchi moja ya theluji waliopigwa na tetemeko. Masoud anataka kulitoa.

— Braza, usitoe, — akasema Kondo, aitwaye Redio kwa kuwa hazimwi. — Huo ni ukumbusho.

— Muache, — akasema Leodegar, profesa wa kijiwe. — Unaona hizo rangi? Kule kila ukoo una rangi yake. Hapo walikaa kikao.

— Kikao wapi! — akadakia Redio. — Kule jua halitokagi. Mtu anafuma gizani, uzi wowote anaoshika ni huo huo.

— Wahenga walisema, maji ukiyavulia nguo sharti uyaoge. Sie maji yalituvua, wao wakaleta nguo.

— Mie nilisikia kondoo wa kule unavuta uzi mgongoni, blanketi linatoka limeshafumwa.

Masoud alicheka. Alimkumbuka Widad akimlilia mama yake, kidole amekipenyeza kwenye kile kipande cha njano, mpaka usingizi ukamchukua. Moyo ulimuuma, na akajikuta anampenda huyo mama wa mbali aliyefuma njano ile.

— Walikuja msibani kwangu, — akasema. — Nisiende kwao?

Mwalimu Sesilia, mpangaji mgeni, alikuwa amesimama akisubiri kahawa.

— Shikamoo, mzee. Samahani, kwani hawa wa tetemeko ndio hao hao walioleta blanketi?

Blanketi lilikuja kwenye furushi, bila jina la mtu wala la nchi.

— Marahaba, mwanangu. Hatujui, — akasema Masoud. — Ila na wao hawakuuliza sie ni kina nani.

Akamkabidhi Leodegar blanketi. Halafu akalichukua tena, akalikunja upya, kile kipande cha njano kikae juu, mtoto wa huko akione kwanza.