Valvu Ambayo Dada Yetu Alikataa Kuitilia Saini

Ndugu waombolezaji, mimi ni mdogo wake marehemu, kitinda mimba, nimeagizwa nisome wasifu wake taratibu, lakini mniwie radhi, moyo wangu haujatulia.

Dada yetu alizaliwa tarehe 3 Machi 1968, mtoto wa pili wa fundi cherehani na mkunga, akasoma shule ya msingi karibu na stesheni ya reli, akaenda sekondari ya bweni, kisha chuo cha ufundi, alikohitimu uhandisi wa mitambo mwaka 1991.

Mwaka uliofuata aliajiriwa katika kiwanda cha sabuni, kazi yake ikiwa kukaa na mafundi na kuuliza kila kifaa kitaharibikaje, ndipo wakambandika jina la Ikigoma Je. Aliwakazania wasichanganye mambo, kwamba valvu kukwama ni namna ya kuharibika, kutu ni chanzo, boila, lile tangi la mvuke, kupasuka ni athari, na kwamba kila hitilafu ipimwe kwa uzito wa madhara, kwa uwezekano wa kutokea na kwa ugumu wa kuigundua mapema, na kipimo hicho cha tatu ndicho kilichomnyima usingizi.

Alifunga ndoa tarehe 14 Agosti 1994 na shemeji yetu, dereva wa treni, baada ya kumkagua kama mtambo, wakajaliwa watoto wawili, ambao wakichelewa kurudi walitakiwa kueleza chanzo tu, maana athari ilikuwa mezani, chakula kimepoa. Mkubwa sasa ndiye mwendesha boila wa kiwanda hichohicho.

Mwaka jana, akiwa ameshaanza kuumwa ini, aligundua kuwa valvu ya usalama ya boila, ile inayotoa mvuke ukizidi, inaliwa na kutu kwa ndani, pasipoonekana, akaipa alama ya hatari ya juu kabisa, wakubwa wa kiwanda wakaishusha alama hiyo ili uzalishaji usisimame, naye akakataa katakata kuitia saini ripoti yao, na hata wodini alituuliza habari za valvu kabla hatujamjulia hali, mpaka alipofariki Alhamisi, tarehe 9 mwezi huu.

Tunawashukuru madaktari na wauguzi, majirani mliokesha nasi, na wafanyakazi wenzake, nawe meneja nakuona hapo mbele, asante kwa jeneza na mashada, ila boila iliyozimwa kwa msiba huu inawashwa Jumatatu, mpwa wangu ndiye yuko zamu, na valvu haijafunguliwa ikatazamwa. Ameniambia asubuhi hii kwamba hawashi mpaka ifunguliwe, hata wakimfukuza, nami nimemjibu kwamba akifukuzwa atakula kwangu. Basi dada, pumzika kwa amani, mwanao hawashi.