Vitalu Vinne vya Kasiva wa Kyumbi

Wasikilizaji wapendwa, kama uko jikoni, kama uko dukani, kama uko shambani na redio umeining'iniza kwenye tawi, tukae pamoja kidogo. Leo tunamkumbuka Kasiva wa Kyumbi, hapa kwetu Machakos. Kasiva alikuwa mkuza miche. Sukuma wiki nyingi zinazoliwa upande huu zilianzia mikononi mwake. Aliyetusimulia ni mumewe, Mzee Nzuki. Tutayasema jinsi alivyoyasema, na hasira zake tutaziacha mlemle.

Nzuki alisoma hadi darasa la nne, kisha akaenda kuchonga mawe Mlolongo. Siku moja akishuka Kyumbi alimkuta msichana kando ya barabara, anauza miche iliyofungwa kwa gazeti lililoloa. Akanunua fungu. Shamba hakuwa nalo. Kesho yake akanunua tena.

Kasiva akamwangalia vile alivyojaa vumbi la mawe. "Wewe, hii yote unapanda wapi? Kwa mawe?"

"Natafuta mtu wa kunionyesha pa kupanda," Nzuki akajibu.

Wakaoana. Wakapata binti, Mueni. Nzuki aliendelea na mawe, Kasiva akaendelea na miche. Kwa miaka mingi hivyo ndivyo nyumba ile ilivyokula.

Sasa, wasikilizaji, tuje kwa mwaka jana. Ofisi ya kilimo iliwaletea akina mama wa kikundi cha Kasiva mbolea, ile nyeupe ya chengachenga yenye naitrojeni. Kijana wa ofisi akashika kipaza sauti: "Akina mama, msiogope mbolea! Mboga ni kama mtoto, ipeni chakula ishibe!" Watu wakapiga makofi. Kijana akaingia kwenye gari, akaenda. Hakusema ni kiasi gani kwa mahindi, wala kiasi gani kwa kitalu.

Huku kwetu mbolea hupimwa kwa kifuniko cha soda. Shimo moja la mahindi, kifuniko kimoja. Hiyo kila mtu anajua. Basi akina mama wa kikundi wakachukua kipimo kile cha mahindi, wakakipeleka kwenye kitalu. Kila kishimo cha kidole, kifuniko kizima. Na Kasiva pia, wasikilizaji. Na Kasiva pia.

Miche ilitoka kidogo, ikakauka pembezoni mwa majani, ikalala. Msimu mzima kikundi hakikuwa na mche wa kuuza.

"Walituletea sumu kwa gunia," Nzuki akasema. Aliyasema hayo kanisani, sokoni, na kwa kila aliyesimama kumsikiliza.

Kasiva mwenyewe alikuwa anashuku vivyo hivyo. Lakini alimwambia, "Baba Mueni, mimi nashuku tu. Wacha tuulize udongo."

Akatengeneza vitalu vinne mbele ya nyumba. Udongo ule ule, mbegu ile ile, maji yale yale. Cha kwanza hakukiwekea mbolea hata chembe. Cha pili alikiwekea nusu kifuniko kwa mstari mzima. Cha tatu, kifuniko kimoja kwa mstari. Cha nne, vifuniko vitatu. Kikundi kikakubaliana kwamba kitalu kitakachoshinda, wote watakifuata mvua ikija. Mwenyekiti wao, Kanini, akaapa mbele ya watu: "Kama kile hakina mbolea ndicho kitashinda, tunarudisha magunia yao mpaka mlangoni kwa ofisi. Na tutaimba!"

Nzuki alitaka siku hiyo kuliko kitu chochote. Aliona mpaka njia watakayopita na yale magunia.

Mbegu zilikuwa zimeota tu wakati Kasiva alipoanguka kando ya tanki la maji. Presha. Zahanati haikuwa na dawa, wakaambiwa wakanunue nje. Mueni akakimbia kununua. Aliporudi, mama yake alikuwa ameshaenda.

Wakaja watu wa kupanga mazishi. Nyumba ya Nzuki iko kwenye mteremko, na palipolala sawa ni pale penye vitalu tu. Kiema, aliyeongoza kamati, akaja na kamba ya kupimia.

"Mzee, tenti ya waheshimiwa itakaa hapa."

"Hapo kuna miche."

"Aiya, mzee! Miche tutakununulia ingine."

"Na Kasiva mtaninunulia mwingine?"

Kiema akakunja kamba yake. Nzuki hakuwa amemaliza. "Dawa ya presha hao waheshimiwa hawakuwa nayo. Lakini tenti wako nayo!"

Basi waheshimiwa waliketi kwenye kivuli cha zizi. Mmoja alihutubia huku ng'ombe akimlamba koti mgongoni, na waombolezaji wakainamisha vichwa ili wasionekane wanacheka. Mueni anatuambia, "Mamangu angekuwa hapo, angecheka mpaka alie."

Baada ya mazishi Nzuki akawa anamwagilia vitalu mwenyewe. Na hapo, wasikilizaji wapendwa, ndipo shida ilipoanzia. Kitalu cha kwanza, kile kisicho na mbolea, kilikuwa kinashindwa. Miche ilikuwa ya manjano, myembamba kama nyuzi. Cha nne kilikuwa kimeungua karibu chote. Cha tatu kilikuwa kirefu, kijani cha kumeta, lakini shina laini, ukiligusa linapinda. Cha pili, chenye nusu kifuniko, kilikuwa kifupi, kinene, kimesimama.

Siku moja kabla ya kikundi kuja, Mueni alimkuta baba yake ameinama juu ya kitalu cha kwanza na ndoo ya maji ya samadi ya mbuzi.

"Baba, unafanya nini?"

"Nakisaidia kidogo."

"Kesho hakitakuwa kimegeuka."

"Kitakuwa kimeanza. Nitawaambia kinaamka."

Mueni hakupaza sauti. "Mama aliuliza udongo, Baba. Sasa wewe unataka kuujibia?"

Nzuki alisimama pale mpaka mkono ukachoka. Kisha akabeba ndoo, akaenda kuimwaga kwenye migomba.

Akina mama walikuja. Wengi walikimbilia kitalu cha tatu, wakakisifu kwa urefu. Nzuki akang'oa mche mmoja kila kitalu, akailaza juu ya gunia, mizizi ikiangalia watu. Ule mrefu ulikuwa na mizizi ya kuhesabika. Ule wa nusu kifuniko ulikuwa na mizizi kama ndevu.

Kanini akauliza, "Sasa Baba Mueni, magunia tunarudisha?"

Nzuki akainuka, akajikung'uta udongo mikononi. Mueni anasema alidhani baba yake ataondoka tu aende zake.

"Msirudishe," akasema. "Nusu kifuniko kwa mstari. Nilisema ni sumu, na sio sumu. Mbolea haina makosa. Wenye makosa ni wale walituletea gunia na kipimo wakabaki nacho. Hao sijawasamehe, na msiniombe."

Hakuna aliyemwomba. Wakashika majembe, wakahamisha miche ya kitalu cha pili kwenda shamba la kikundi. Ile ya manjano hakuna aliyeitaka. Nzuki aliipa nusu kifuniko, kwa mkono wake. Tulipomtembelea ilikuwa imechelewa sana, lakini ilikuwa ya kijani.

Kwa Mzee Nzuki, kwa Mueni, kwa Kanini na akina mama wote wa Kyumbi, poleni sana. Tunalia pamoja nanyi. Mungu amlaze Kasiva pema.

Na wewe unayetusikiliza, na gunia limesimama pale nyuma ya mlango, jiulize leo: kiasi unachomwaga, ni nani alikuambia? Kama ni jirani, yeye aliambiwa na nani? Na kama hakuna anayejua, tenga kipande kidogo cha udongo, ukiulize. Kisha kikikujibu usilotaka, utawaambia wenzako?