Bi Kuluthumu na Amri Sita za Seva

Baada ya miaka thelathini na mitatu ya utumishi katika Kituo chetu cha Ramani za Vijiji hapa Dodoma, Bi Kuluthumu Suti anastaafu kwa mujibu wa sheria tarehe 30 Juni 2025. Wasifu huu nimeombwa niuandike mimi, Castory wa uchoraji, kwa sababu, wamesema, ndimi niliyemsumbua kuliko wote. Sikupinga.

Alianza masjala mwaka 1992, akitunza ramani za karatasi. Ufunguo wa stoo aliufunga kwenye pindo la khanga, na hata mkurugenzi alisubiri mlangoni kama sisi wengine. Ramani zilipoanza kuskaniwa na kuwekwa kwenye seva, alipelekwa kozi, akarudi msimamizi wa mfumo. Ufunguo ukawa paswedi, nayo aliifunga kichwani.

Mimi aliwahi kunipa mara moja tu, mwaka 2015, nifute faili chache za zamani. Nilifuta kata nzima. Ramani zile zilirudiwa kwa miezi miwili, na mpaka leo Debora wa skana haniruhusu kuweka hata kikombe karibu na mashine yake.

Machi 2016 Bi Kuluthumu aliomba ruhusa ya siku nne kwenda Busi, kule Kondoa, kumuuguza mama yake. Siku ya pili folda ya skana ikajaa, kazi ikasimama. Nikampigia simu. Akasema tusubiri. Nikampigia tena, nikamwambia bosi anauliza na sisi bila paswedi hatuna ujanja. Kunitajia hakutaka, na kwa historia yangu nani angemlaumu. Akaniuliza kama mama yake naye ana nakala ya akiba. Nilicheka, nikidhani ni utani wetu wa kila siku.

Kesho yake alishuka na basi la asubuhi, viatu vimejaa tope la njiani. Akaketi, akaandika mstari mmoja, folda ikaongezewa nafasi. Dakika nne. Alikuwa bado kwenye kiti simu ilipoita kutoka nyumbani. Alipofika Busi jioni ile, walikuwa wamekwisha kuzika.

Hakunilaumu. Afadhali angenilaumu.

Akarudi kazini. Kwa wiki sita aliandika programu ndogo inayomwezesha mfanyakazi wa kawaida kutoa amri sita za hifadhi ambazo awali zilikuwa za msimamizi peke yake, bila kupewa paswedi. Unaweza kuongeza nafasi ya folda ya kitengo chako mpaka kikomo ulichowekewa, kuchukua nakala ya akiba, kurudisha faili iliyopotea, na nyingine ndogondogo. Kufuta nakala hakumo. Kugusa folda ya jirani hakumo. Na kila amri huandika jina la aliyeitoa na saa yake. Langu limo mara mia mbili na kumi na moja.

Wa kuijaribu alinichagua mimi, akisema ikipona mikononi mwa Castory itapona popote. Siku ya tatu, mahali pa jina la folda, nikaandika nukta mbili na mstari wa mshazari, alama ya kurudi folda ya juu, nikajikuta ndani ya mafaili ya utumishi. Alinipa andazi. Ilikuwa mara ya kwanza tangu msiba anipe chochote kwa tabasamu. Toka siku hiyo programu haipokei jina lisilo kwenye orodha yake. Ukikosea, inakujibu kwa adabu: Samahani, hili haliko kwenye orodha yako. Muulize Kuluthumu.

Kwa miaka tisa hakuna aliyerudishwa kutoka likizo. Mwaka jana Debora alifuta kwa bahati mbaya ramani za kijiji kimoja cha Chemba, akazirudisha mwenyewe kabla chai yake haijapoa. Siku hiyo Bi Kuluthumu alikuwa Busi kwenye harusi ya mpwa wake. Habari aliikuta Jumatatu, kwenye daftari la mfumo. Aliisoma mara mbili, kisha akatoka nje kidogo.

Ijumaa iliyopita alikabidhi paswedi kwenye bahasha iliyofungwa kwa lakiri, akajiondoa mwenyewe kwenye mfumo. Alipotoka chumbani, niliandika amri isiyo yangu, makusudi, nilione jina lake kwa mara ya mwisho. Ikanijibu: Samahani, hili haliko kwenye orodha yako. Muulize Castory.



Bi Kuluthumu, asante kwa ramani, kwa maandazi, na kwa kutuamini baada ya yote. Kwenye karatasi ya dharura iliyobandikwa ukutani tumeifuta namba yako. Mimi nimebaki nayo. Ikiita ukiwa Busi, usiinuke ulipoketi. Itakuwa ni shikamoo tu. Kaa nyumbani kwa mama, kwa amani, siku zako zote.