Shahada ya Mawingu

Benchi la saluni ya Wembe lina miguu mitatu na tofali moja, lakini halijawahi kumwangusha mbishi. Jumamosi ile asubuhi Mwalimu Ramani, anayefundisha jiografia shule ya jirani, aliliketia bila hata kusalimu. Mdogo wake wa kike, msimamizi wa dampo la manispaa, alikuwa amepata ufadhili wa kusoma uzamili wa tabianchi na maendeleo endelevu. Mtaa mzima ulishajua. Ambacho mtaa haukujua ni kwamba Ramani naye aliomba nafasi hiyo hiyo, akakataliwa. Wivu ulimkaa kooni kama mwiba wa samaki, hautoki wala haumezeki.

— Hongera, Mwalimu! Wembe alimpokea, mkasi mkononi, kiti cha wateja kitupu. Mdogo wako anapaa!

— Anapaa kwenda wapi? Ile si shahada. Ni semina ndefu.

Baridi, fundi wa mafriji, aliinua kikombe cha kahawa.

— Kwanza nielezeni. Hiyo "endelevu" ndiyo nini?

— Ni maendeleo yasiyofika, Wembe akadakia. Yanaendelea tu!

Wakaangua kicheko. Ramani ndiye aliyecheka zaidi. Tangu habari ile ifike nyumbani, hiyo ndiyo kahawa ya kwanza iliyomwingia na ladha.

— Hapo pana jambo, Baridi alisema. Hawa wa tabianchi watasajili mawingu. Kila wingu na namba yake, kama gari. Lisilo na kibali, halinyeshi.

— Na joto je? Wembe akauliza.

— Watalifunika jua.

— Haiwezekani! Wahenga walisema mchumia juani hulia kivulini. Jua likifunikwa, kivuli kitatoka wapi?

— Utalia gizani.

— Na wakimaliza mawingu watakuja kwenye pumzi, Wembe akazidisha. Ukihema sana, faini. Mke wangu anavyokoroma, sisi tumekwisha!

Ramani aliona moto unawaka vizuri, akatia kuni.

— Halafu mjiulize, ameipataje? Dalili ya mvua ni mawingu. Yule ana mtu wake huko juu.

Alijua ni uongo. Alikuwa amemwona mdogo wake miezi na miezi akirudi kwa mama yao ananuka moshi wa dampo, anakula amesimama, kisha anafungua vitabu kwenye meza ile ile ya jikoni mpaka kichwa kinamdondoka. Neno lilipomtoka lilikuwa tamu. Lilipofika masikioni mwake mwenyewe, likawa shubiri.

— Shikamoo, kaka. Shikamooni wote.

Binti mwenyewe, mdogo wake Ramani, alikuwa nyuma yao, na mabuti ya kazi na glavu, ndiyo kwanza anatoka zamu.

— Marahaba, walijibu, kila mmoja kwa wakati wake.

— Tulikuwa tunakusifia hapa, Wembe alisema haraka.

— Nimesikia. Hadi pumzi mmenipa nisimamie.

Hakuna aliyecheka. Alimgeukia kaka yake.

— Kaka, umefurahi hata kidogo?

Baridi alichungulia kikombe chake. Kitupu. Akainamisha birika, likatoa machicha. Ramani alifungua kinywa aseme "sana", kama watu wanavyosema. Neno likagoma.

— Bado, alisema mwishowe. Niliomba na mimi. Wakanikataa.

Wembe aliuweka mkasi chini polepole.

— Najua, binti alisema. Mama aliniambia. Nilikuwa nangoja uniambie mwenyewe.

— Na hayo niliyoyasema sasa hivi...

— Hayo nayo nimeyasikia, kaka. Yameniuma.

Ramani aliinamisha kichwa. Akasogea, nafasi ikapatikana pembeni yake. Binti alisita, akakaa, benchi likalalamika. Ramani aliwaza jinsi alivyoisema ile kozi kwa walimu wenzake, kwa mkewe, kwa yeyote mwenye masikio. Lakini yeye hakuwahi kumuuliza mwenye kozi chochote.

— Hivi... huko mtasoma nini hasa?

Binti alimtazama kwanza, apime kama ni swali au ni kejeli. Kisha akavua glavu, akaanza kumweleza, kuanzia ile gesi inayotoka kwenye taka zilizofukiwa. Baridi naye akategea sikio. Wivu wa Ramani haukuondoka. Ulisogea tu kidogo, akapata mahali pa kusikilizia.